Viti Viwili vya Kwenda Vitongoji

Vijana wangu wa gereji, siku mliponiaga mlinivisha kanzu mpya, mkaniombea dua, kisha mkanitaka niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimekubali, ingawa shule yangu iliishia darasa la sita na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Sitaandika nani alifanywa fundi mkuu lini wala nani alilipwa nini. Hayo mnayajua, na mengine mmeyaongeza wenyewe. Nitaandika habari ya gari moja tu. Nimefungua gari nyingi mno katika maisha yangu na karibu zote nimezisahau, lakini hii naikumbuka bolti kwa bolti, kwa sababu ilinifanya fundi hodari na mpumbavu ndani ya wiki moja.

Kwanza niwaeleze ilikotoka, maana nusu yake ilikuwa uani kwetu kabla nusu ya pili haijafika Pemba.

Baba yetu, Mzee Kombo, alikuwa na teksi hapa Tibirinzi, saluni ya Kijapani yenye honi ya sauti mbili, moja nene na moja nyembamba. Njia yake ilikuwa Vitongoji. Ile honi ikilia, watu wa njia nzima hutoka na mapakacha yao bila kuangalia ni gari gani. Abiria wake wa kila siku alikuwa Mzee Hamadi, aliyekaa mbele kidogo ya kona ya chini, baada ya daraja. Mzee Hamadi hupanda mbele, husalimia kila aliyemo, akifika kwake husema "Hapa hapa," hushuka, kisha hupiga paa mara mbili kwa kiganja, na baba haondoi gari mpaka asikie vile vibao viwili. Mama naye alikuwa na kiti chake, nyuma upande wa kushoto. Hata gari ikiwa tupu hakukaa mbele. Alisema mbele ni pa abiria. Kitambaa cha kiti kilipochanika pale anapokaa, alikitia kiraka cha kanga kwa mkono wake.

Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla mwaka haujatimia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, Mgeni kumi, Shaame saba, na Zuwena ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Jamaa walikuja wakatugawa kwa wema kabisa, huyu kwa shangazi Wete, huyu kwa mjomba kisiwani Fundo. Nikasema hatugawanywi. Nilisema mara moja tu, kisha ikanibidi kulitenda neno hilo miaka ishirini.

Ndipo nikaenda kwa Fundi Othman. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe wakati fulani kabla yangu. Siku ya kwanza alinipa ndoo ya mafuta ya taa na gunia la nati zilizotumika, akaniambia nizioshe. Nikaziosha siku nzima. Siku ya pili akanipa gunia jingine. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nimeosha kila nati iliyowahi kufunguliwa Chake Chake, na nikiiona nati kwa mbali naijua saizi yake. Siku hiyo akaniuliza, "Umetupa ngapi?" Nikajibu kwa fahari kuwa nimetupa zile mbovu, kama kumi na tano. Akanituma jaani nikazitafute. Alikuwa na sheria moja, na mimi nawaachia nyinyi kama alivyoniachia: usitupe kitu cha gari mpaka gari imekwenda na kurudi.

Teksi ya baba niliifanya daftari langu. Kila nilichojifunza gereji mchana, jioni nilikirudia kwa kuifungua na kuifunga. Injini yake ilipata kuwa nzima kuliko nyingi zilizokuwa barabarani, lakini bodi ililiwa na kutu mpaka kuku wakawa wanaingia kwa mlango na kutokea sakafuni. Kiti cha nyuma nilikitoa nikakipandisha juu ya mapaa ya banda. Kuku wakakifuata huko wakataga.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye kasha lililoleta nusu ya pili. Mgeni alipoolewa, siku ya kupelekwa kwa mumewe gari tuliyoahidiwa haikutokea, na dada yangu akaondoka nyumbani juu ya gari ya ng'ombe, nyuma ya mzigo wa madafu. Somo wake, Bi Time, alikaa naye juu ya madafu njia nzima na hakunilaumu hata kwa neno, jambo lililoniumiza zaidi. Bi Time alikuwa jirani yetu na shoga wa mama, na kwa wasioijua mila hii, somo ndiye anayemfunda mwari, anayempamba, na anayemfikisha mkononi kwa mume. Hamwachi njiani hata hatua moja. Siku ile niliapa kuwa Zuwena, kitinda mimba wetu, atatoka nyumbani ndani ya gari inayokwenda, amekaa kitako, na somo wake ubavuni, kama ambavyo mama angelitaka. Watu walinisikia. Na mnanijua, nikishasema.

Basi, katika ile miaka vyama vingi vilipokuwa bado vipya na kila mtu akiangalia jirani amevaa shati la rangi gani, akaja gereji Bwana Khelef wa Vitongoji. Ukoo wao ulikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani, na yeye alikuwa baharia. Alileta kasha kubwa kama chumba. Alikuwa amelipata Ulaya, kwa mzee mmoja aliyekaa nalo bandani mwake miaka mingi na mkewe akamchoka. Ndani mlikuwa na bodi ya gari ya mashindano, ya faiba tupu, wazi juu, chesis ya vyuma vya bomba, springi mpya, viti viwili vya ngozi na kitabu cha Kiingereza. Injini hakuna. Giaboksi hakuna. Difu, breki, waya, honi, hakuna. Kitabu kilisema hivyo vyote mtu atavitoa katika gari yake kuukuu. Karani wa mizigo alilizunguka lile kasha mara tatu, akaona kuna usukani lakini hamna injini, akaligonga, likalia kama mtumbwi, akaandika "boti".

Fundi Othman aliinama akachungulia, akanyoosha mgongo. Alisema gereji yake ni ya gari, na hiki ni kitu cha kuchezea, na kama nakitaka nikakichezee kwetu. Ndivyo ile kazi ilivyoingia uani kwangu, kando ya teksi ya baba. Nikazitazama pamoja. Moja ilikuwa na injini haina bodi, nyingine ina bodi haina injini. Sikuhitaji kitabu kuniambia.

Kitabu kilidai gari ya kutolewa viungo iwe ya Kiingereza, ya aina fulani. Kisiwani ilikuwapo moja tu, na mwenyewe alikuwa akilala ndani yake. Tukaanza na Mjapani wetu. Hakuna tundu lililokutana na tundu. Kitabu kilisema tena kuwa mtu wa kawaida, kwa vifaa vya kawaida, ataimaliza kazi kwa siku za mapumziko za miezi mitatu. Vyetu vilikuwa jeki moja, spana, nyundo, mashine ya kuchomelea ya kuazima, na umeme uliokuja unapopenda. Faiba ilinipa shida kidogo tu, kwa sababu nilikuwa nimeziba boti kadhaa. Mtu wa Pemba akishindwa na gari ya faiba ni uvivu.

Shida kubwa ilikuwa Kiingereza. Cha Khelef kilikuwa cha melini, kimejaa amri na matusi. Changu hakikuwapo. Zuwena ndiye aliyekuwa nacho. Nilimsomesha mpaka akatoka mwalimu, na wakati ule alikuwa akifundisha hapa Chake. Kwa hiyo akawa anakaa jikoni, kwenye dirisha linalotazama uani, akitusomea kutoka ndani. Anasoma kwa Kiingereza polepole, kisha anatafsiri. "Funga bolti nne za mbele, lakini usizikaze mpaka mwisho." Khelef anauliza, mpaka mwisho wapi? Zuwena anasoma tena. Ukurasa wa breki Khelef aliomba arudiwe mara nne. Nikasema moyoni huyu ni mtu wa tahadhari, atakuwa dereva mzuri. Mimi nilikuwa chini ya gari, na aliye chini ya gari haoni mengi.

Tulipofika sura ya difu, wakaja wazee wanne kutoka Vitongoji, wamevaa kanzu na makoti. Nilitoka chini ya gari na grisi mpaka masikioni, nikadhani wamekuja kutazama kazi, maana watu walikuwa wakija. Nikawakaribisha, nikawaeleza difu na jinsi inavyogeuza magurudumu ya nyuma. Nikawaonyesha meno yake yanavyokamatana. Walisikiliza kwa adabu kubwa muda mrefu, mpaka aliyekuwa mkubwa wao akakohoa.

"Mwanangu Faki," akasema, "hiyo difu tumeielewa. Sisi tumekuja kwa Zuwena."

Kwa kuwa baba hayupo, mimi ndiye walii wake, na kazi ya walii ni kumuuliza mwenyewe. Nikanawa, nikaingia jikoni. Alikuwa ameketi na kile kitabu mapajani, amekishika juu chini. Nikamuuliza anasemaje. Wasichana wengi hunyamaza, na kunyamaza kwao ndilo jibu. Zuwena alikigeuza kitabu vizuri kwanza.

"Kaka, hakijaisha," akasema. "Ila sitaki kisomwe na mtu mwengine."

Nikatoka nikawaambia wazee kuwa amekubali. Nilikuwa wa mwisho kujua katika mtaa mzima. Mpaka Fundi Othman alikuwa anajua. Tukapanga siku kabla Khelef hajarudi melini, na nikasema mbele ya wazee wote wanne kuwa bibi harusi ataondoka kwangu kwa gari hii hii. Wakafurahi. Khelef akafurahi zaidi. Nami nikaona nadhiri yangu imejileta yenyewe, imefungwa ndani ya kasha.

Kazi ikaenda mbio. Tuligombana mara mbili tu. Mara ya kwanza juu ya springi. Khelef alitaka tufunge zile za kwenye kasha, nyembamba, za kung'aa. Mimi nilitaka zile za majani za teksi, vibapa vya chuma vilivyopangwa, vizito, vibaya vya sura. Nilimuuliza kama wenye kasha walipata kuiona njia ya Vitongoji. Akasema gari ya mashindano inatakiwa kuwa laini. Nikamwambia itakuwa laini mpaka shimo la kwanza. Tukafunga za majani, na kwa ajili yazo ikabidi nichomelee vyuma vipya nyuma ya chesis, vikatokeza chini ya buti kama mikia. Khelef alikuwa akivitazama na kuugua.

Mara ya pili ni rangi. Bodi ilikuja haijapakwa, rangi ya uji wa mchele. Khelef alitaka nyekundu, ndivyo zilivyo huko kwao. Jirani wa kulia akaja kuniambia taratibu kuwa nyekundu imo kwenye bendera ya watu fulani. Tukasema buluu. Buluu nayo imo. Kijani na manjano sikuthubutu hata kuyataja, jirani wa kushoto angelifurahi mno. Nyeusi haifai harusi. Mtu mmoja akapendekeza rangi ya karafuu kavu, Bi Time akasema karafuu hununuliwa na serikali, na serikali ni ya chama. Siku tano nzima fundi nimekaa na brashi mkononi. Zuwena akasema dirishani, "Iacheni hivyo hivyo. Uji hauna chama." Tukaipiga msasa tukaiacha, na jina la gari likawa Uji mpaka leo.

Kuitia barabarani mara ya kwanza ilikuwa msimu wa karafuu, na kama mjuavyo, wakati huo nusu ya lami huwa ni majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Gari ya kawaida hukwepa jamvi. Uji ilikuwa chini kiasi kwamba dereva halioni jamvi mpaka liwe limeshaingia ndani. Khelef alichota kama pishi mbili za karafuu za watu kwa bampa. Tukasimama tukaomba radhi, tukazirudisha kiganja kwa kiganja, lakini nyingine zilikuwa zimekwama kwenye rediata. Kuanzia siku hiyo injini ikipata moto ilinukia kama chai ya Idi. Gari ilikwenda na kurudi. Kwa sheria ya Fundi Othman sasa niliruhusiwa kutupa.

Nilitupa vingi. Milango ya teksi, boneti, mikeka ya sakafuni. Kile kiti tu sikukitupa, na si kwa hekima. Kulikuwa na kuku amelalia mayai.

Zikabaki siku tatu kabla ya harusi. Bi Time akaja kuikagua gari, kwa kuwa somo hukagua kila kitu, kuanzia shuka mpaka udi. Bi Time alikuwa mtu wa mwili, na alikuwa na mwendo wa polepole uliowapa watu nafasi ya kuogopa. Akaizunguka Uji. Akaigonga faiba. Akasifu usafi. Khelef alikuwapo, na Fundi Othman pia, aliyekuja kujifanya anapita njia. Nikamfungulia Bi Time mlango, nikamwonyesha kiti cha Khelef na kiti cha Zuwena, ngozi tupu.

Bi Time akatazama cha kulia. Akatazama cha kushoto. Akainama akatazama nyuma yake, ambako palikuwa na ukuta wa faiba.

"Na miye nkae wapi?"

Vijana, miezi saba. Miezi saba nilikuwa nikilala na kuamka na gari ile. Nilijua idadi ya nati zake, nilijua kila uzi wa waya unakotoka na unakokwenda. Nilikuwa nimevifunga vile viti kwa mkono wangu. Si mimi, si Khelef, si wazee wanne, si jirani wa kulia wala wa kushoto, hakuna hata mmoja aliyehesabu viti. Nilimgeukia Fundi Othman. Alikuwa anatazama kofia yake.

Khelef alijaribu. Alisema kwa adabu kuwa labda Bi Time atafuata nyuma, katika pikapu ya gereji, karibu kabisa.

"Nimemfunda miezi mitatu," Bi Time akasema, "nimemuogesha tangu hajajua kusema, leo nifuate nyuma kama kuku wa kitoweo?"

Khelef akasema basi yeye atakwenda kwa miguu, na mimi niendeshe. Fundi Othman akamkumbusha kuwa viti hata hivyo ni viwili na dereva ana chake, na tena bwana harusi akifika kwao kwa miguu nyuma ya bibi harusi, watu watacheka mpaka wajukuu. Mtu akataja teksi za mjini, lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya wazee kuwa ni gari hii hii. Bi Time akanitazama mimi peke yangu. Akasema kwa sauti ya chini, si ya kugombana tena, kuwa yeye juu ya madafu alikaa na atakaa tena, hana neno. Lakini mwari haendi peke yake kama mzigo uliotumwa. Kama hana mahali, siku isogezwe mpaka mahali papatikane.

Siku haikuweza kusogezwa. Meli ya Khelef haikuwa ikimsubiri somo. Na nilichoapa sikuapa juu ya gari tu. Niliapa juu ya nani atakaa ubavuni mwake. Nilikuwa nimejenga nusu ya nadhiri, na nusu yenyewe ilikuwa ile isiyokuwa na maana.

Nikakaa juu ya jeki nikafikiri. Kisha nikaenda kutazama chini ya buti, kwenye ile mikia ya vyuma ambayo Khelef aliichukia. Ilikuwa imetokeza pale pale ambapo kiti kingelihitaji kushikwa. Na springi za majani zilikuwa zimezoea abiria watatu na magunia. Nikapanda bandani, nikamwomba radhi kuku, nikamhamishia mayai yake kwenye kofia ya Fundi Othman, ambaye alinipa mwenyewe bila kuombwa, na hilo ndilo lililonijulisha kuwa naye anajiona ana kosa.

Kukata faiba nzima na safi kwa msumeno ni jambo la kuuma. Nilikata kifuniko cha buti chote, nikashusha kiti cha teksi mle. Kilizidi upana kwa shubiri moja, ikabidi nikipunguze. Nilikipunguza upande wa kulia. Wa kushoto, wenye kiraka cha kanga, sikuugusa. Nikachomelea miguu juu ya mikia, nikaziba pembe kwa faiba na gundi yake, nikaomba jua. Jua likaja siku zote mbili. Kwa kuwa uzito wa nyuma huinua pua ya gari, nikaweka viroba viwili vya mchanga mbele, chini ya boneti. Mkisahau mengine yote niliyoandika, hilo la viroba msilisahau. Nikamwita Bi Time aje kujaribu. Alipanda kwa ngazi ya jikoni. Akakaa. Springi zikalia mara moja, zikatulia. Kichwa chake kilipita kioo cha mbele kwa urefu wa mkono, akawa anaona mpaka uani kwa jirani.

"Papatikana," akasema, na kwa Bi Time hiyo ni hotuba.

Siku ya harusi ndoa ilifungwa, watu wakala, na baada ya swala ya alasiri Zuwena akatolewa. Alikuwa amejifunika buibui na ushungi mpaka huoni kitu ila vidole vyenye hina. Bi Time alishamwamuru kuwa asiseme hata neno tangu kizingiti cha kwetu mpaka kizingiti cha mumewe. Ndivyo mila ilivyo, bibi harusi hana sauti njiani. Nilimfungulia mlango wa mbele, kwenye kile kiti cha ngozi. Hakuingia. Alikwenda nyuma, akapapasa kiti cha teksi mpaka kidole chake kikaukuta kiraka. Hakuna aliyemwambia kuwa nimekifunga kiti kile, lakini kiraka alikijua tangu utotoni. Akapanda ngazi, akakaa pale pale, kushoto. Bi Time akapanda kulia, pakabana, akafungua mwavuli.

Khelef alikitazama kiti kitupu kando yake, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Endesha, shemeji." Akaondoka, dereva mbele na wanawake wawili nyuma. Hapo ndipo nilipoiona. Miezi saba na msumeno wote ule, na nilichokuwa nimekijenga ni teksi.

Nilifuata nyuma kwa pikapu ya gereji, nimewapakia akina mama na vigelegele vyao. Khelef alikuwa akipiga honi kila kona, kama apigavyo bwana harusi yeyote. Lakini honi ya kasha haikuwapo, mnakumbuka. Niliyofunga ilikuwa ya baba, nene kisha nyembamba. Tulivuka daraja, na kwenye kona ya chini nikaona Uji inasimama. Nikajua imeharibika. Nikashuka mbio na spana mkononi.

Haikuharibika. Mzee Hamadi alikuwa amesimama kando ya njia na pakacha la muhogo, mkono juu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi, na tangu baba afe hakuna aliyemwona akisimamisha gari. Aliisikia honi akatoka shambani kwake. Akapapasa mlango, akaufungua, akainua mguu juu kwa kuizoea ile teksi, na kwa kuwa Uji iko chini, nusura aanguke ndani kichwa mbele. Khelef akamdaka.

"Kombo," Mzee Hamadi akasema, akijiweka sawa na pakacha lake mapajani, "gari umeishusha sana siku hizi."

Khelef akageuka nyuma kuomba shauri. Bi Time, juu kwenye kiti chake, akamwonyesha kwa kidevu kuwa aende. Lakini Mzee Hamadi alikuwa hajamaliza, kwani hakupata kupanda gari bila kusalimia. Akageuza uso nyuma, upande wa kushoto, ambako hakuona chochote ila giza la buibui.

"Mama Faki, hujambo?"

Ushungi ulitikisika kidogo.

"Sijambo, Mzee Hamadi," akasema Zuwena. "Na wewe je?"

"Alhamdulillahi," akajibu mzee, akageuka mbele.

Nilimtazama Bi Time, nikingojea kusikia amri yake iliyovunjwa. Alikuwa anautazama mwavuli wake kwa makini sana, kana kwamba una tundu.

Wakamchukua. Mimi nikafuata, na spana nimeisahau mkononi. Baada ya mwendo mfupi, mbele ya njia ya kwake, nikamwona anainua mkono, na ingawa sikusikia, najua alisema nini. Gari ikasimama. Akashuka taratibu na pakacha lake, akafunga mlango, kisha akanyoosha kiganja apige paa. Uji haina paa. Mkono ulipita hewani, ukarudi, ukapita tena, na mzee akabaki amesimama na uso wa mtu aliyepoteza kitu. Khelef alikuwa hajui anachongojewa. Bi Time akafunga mwavuli, akainama, akakipiga kiti cha mama mara mbili kwa kiganja chake kizito, na gari ikaondoka.